Uzi Mweusi ni wa Kiuno

Majengo, Songea
12 Februari 2023

Mwanangu Jovina,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko Namasakata, habari za mwalimu Osmund, na mama mkwe wako Bi Monika, mgongo wake umetulia? Sisi hapa Majengo tu wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa magoti yangu, na hayo umeshayazoea. Mvua inatosha. Mjomba wako Rupert anasema mahindi yamefika kifuani, lakini Rupert unajua ni mfupi, kwa hiyo sijui.

Ninaandika kwa ajili ya sare. Akina mama Wakatoliki wa WAWATA tunakutana hapa Songea baada ya Pasaka, na kitenge nimeshakununulia cha kwako. Ndani ya bahasha nimeweka nyuzi tatu. Unakumbuka nilivyokufundisha ukiwa darasa la tano, ulipokuwa unakaa chini ya meza yangu ukiokota vipande? Uzi mweusi ni wa kiuno, mweupe wa kifua, mwekundu wa nyonga. Zungusha, kata pale unapokutana, nirudishie. Simu siitaki kwa mambo haya. Huko kwenu mnaweka sauti kubwa mpaka jirani anajibu salamu. Halafu uzi haupiti kwenye simu. Bahasha umpe Mathias, kondakta wa basi, ni mtu wa jumuiya yetu.

Tarehe ishirini itatimia miezi kumi tangu tulipomzika malaika wetu. Nimeandikisha misa. Kila asubuhi nakuombea upate mwingine, na awamu hii umsikie analia. Wewe mwenyewe unaendeleaje? Hujaniambia siku nyingi.

Nijibu mapema, kitenge kipo mezani.

Shangazi yako,
Skolastika

*

Namasakata
3 Machi 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Sisi hatujambo. Osmund anakusalimu, yuko na mitihani ya darasa la saba ya majaribio. Mama mkwe mgongo unamsumbua asubuhi tu, baadaye anakuwa mkali kama kawaida. Korosho mwaka jana hazikuwa mbaya, tumeezeka jiko bati.

Nyuzi hizo hapo ndani. Asante kwa misa. Mimi ni mzima, sina la kusema.

Wako,
Jovina

*

Majengo, Songea
17 Aprili 2023

Mwanangu Jovina,

Kristo amefufuka. Mlisherehekeaje Pasaka? Sisi kanisa lilijaa, watu walisimama hadi nje, mimi nilipata kiti kwa sababu ya magoti.

Gauni nililikabidhi kwa Mathias wiki mbili zilizopita. Anasema alikupa mkononi. Mkutano umeshapita, hukuja na hukusema kwa nini. Wenzio wote walipiga picha wakiwa na sare. Nilipopokea zile nyuzi niliziweka juu ya meza nikastaajabu, maana ni kiuno cha msichana wa sekondari, nikasema labda mwanangu anaumwa amekonda. Sasa sielewi. Gauni limekukaaje? Niambie ukweli, mimi si mgeni kwako.

Shangazi

*

Namasakata
29 Aprili 2023

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nitaziandika chini, leo nianze na lililo moyoni kabla sijaogopa.

Gauni halikupita mabegani. Nyuzi zile hazikuwa zangu. Nilimpima wifi yangu Benigna, yule wa kidato cha tatu. Nilipozungusha uzi mweusi kiunoni kwangu, ncha hazikukutana, Shangazi. Ulikuwa umenipimia urefu wa kutosha mtu yeyote, na kwangu haukufika. Nilikaa kitandani na ule uzi mkononi, nikaona haya kukurudishia kwa kuunga kipande.

Wiki ile ile nikaenda zahanati. Muuguzi wetu anaitwa Zulfa, ni msichana wa Tunduru mjini, mdogo kwangu lakini ana akili. Nilimwambia nataka mtoto, mwaka unakwisha. Akanipima presha, akarudia mara mbili. Akanipandisha kwenye mizani, kilo tisini na sita. Akafunga mlango akaniambia, "Dada Jovina, sitaki kukutisha. Mara ile presha ndiyo iliyomchukua mtoto, na nusura ikuchukue na wewe. Si kila mwenye mwili inampata, na hata mwembamba inaweza kumpata. Lakini uzito huu unaisogeza karibu. Ukibeba mimba hivi ulivyo, mimi nitakuwa silali. Ushushe kwanza, hata kidogo, halafu tukamwombe daktari wa hospitali ya Mbesa akuangalie."

Nikamwuliza, nimepataje mwili huu, mbona sili kuliko wengine? Akacheka. Akasema tuhesabu. Shambani siendi, kwa sababu mke wa mwalimu akishika jembe watu wanasema mume ni bahili, tunaweka vibarua. Maji yanaletwa na baiskeli. Nauza maandazi barazani nimekaa, na yanayobaki sitayatupa, nayala na chai ya sukari vijiko vinne. Soda kila mgeni akija, na mimi namsindikiza mgeni. Togwa ya mama mkwe asubuhi na jioni.

Kuna jambo jingine ambalo nimekuficha kwa kuwa wewe ni mama wa kanisa. Baada ya msiba nilichomwa sindano ya kuzuia mimba, niliogopa kubeba tena haraka. Zulfa anasema wengine haiwafanyi kitu, mimi ilinifungulia njaa. Nimeiacha. Mimi na Osmund sasa tunahesabu siku. Ukinikasirikia, nikasirikie kwa barua, usinipigie.

Nataka mtoto, Shangazi. Na nataka kuwa hai wa kumlea. Nisaidie.

Nyumbani wote wazima.

Jovina

*

Majengo, Songea
7 Mei 2023

Mwanangu, mama yangu,

Milele amina, marahaba mara nyingi. Nimesoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa kanisani baada ya misa, watu wametoka.

Kwanza hilo la sindano. Mimi si padri. Uliogopa kufa. Mungu alikuwepo pale ulipoogopa, hakuhitaji nimweleze.

Pili, hesabu ya Zulfa imemsahau mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Unakumbuka nilivyobaki baada ya mazishi? Nilikaa kwako siku arobaini. Mwanamke akijifungua kwetu tunamlea. Anapikiwa supu ya kuku yenye pilipili manga, uji wa karanga, ugali wenye mafuta, hashiki ufagio, halali na njaa. Nilikulisha vile vile, asubuhi, saa nne, mchana, jioni. Nilikuwa sijui kingine cha kufanya na mikono yangu. Nilikulea uzazi na mtoto hayupo. Chakula kile kilikuwa cha watu wawili, Jovina, na aliyekuwa anakula ni mmoja. Halafu nikapanda basi nikamwachia Bi Monika, nikamwambia kabisa, "Mama, usimwache akapungua." Yeye anatimiza agizo langu mpaka leo. Nisamehe.

Tatu. Nimekudai ukweli, nami nikupe wa kwangu. Mimi ninapima kila kiuno cha Majengo, lakini changu sijakipima miaka sita. Nguo zangu ninazikata kwa kukisia, na kila mwaka ninakisia kwa ukarimu zaidi. Jana nilijizungusha uzi mweusi. Umo humu ndani. Usimwonyeshe mtu, hata Osmund. Ukiutundika dirishani unatosha kuanikia nguo.

Kwa hiyo tukubaliane. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, wewe unipe nyuzi zako, mimi nikupe zangu. Hatuandiki kilo, kilo zinatisha. Nyuzi tu. Zako nitaziweka kwenye sanduku la vifungo, za nyuma na za mbele. Na hakuna kumpima wifi.

Nakusubiri,
Shangazi

*

Namasakata
3 Julai 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na mjomba Rupert amevuna? Huku baridi imeanza. Osmund amepewa ualimu mkuu msaidizi, anatembea mikono nyuma siku hizi.

Nyuzi za tatu hizo. Mweusi umepungua vidole vitatu, nilipima mara mbili nisije nikajidanganya. Nimefanya alivyosema Zulfa. Kwanza nilichukua jembe. Nusu ekari nyuma ya shule, kunde na mahindi. Maandazi nayapika kwa hesabu, yakibaki nawapa wanafunzi wa jioni. Chai naweka sukari kijiko kimoja, wiki ya kwanza nilikuwa nakunywa huku nimekunja uso kama mtoto aliyenyweshwa mwarobaini. Sahani nagawa. Mboga nusu, zile za maboga na mlenda, maharage kidogo, ugali wa ngumi moja, ngumi yangu si ya Osmund.

Vita ni nyumbani. Mama mkwe anasema nimemtia aibu. Ofisini kwa walimu wanamwuliza Osmund, "Mwalimu, mshahara umechelewa, au shemeji amegoma?" Kisimani, maana maji sasa nachota mwenyewe, nimesikia wanawake wakinong'ona kwamba ninaumwa ule ugonjwa, ndiyo maana nguo zinaning'inia. Juzi nilimkuta mama mkwe anamimina mafuta ya kula kwenye sufuria yangu ya mboga, kikombe kizima, amenigeuzia mgongo. Nikamwambia, "Mama, nilikwishaweka." Akanijibu, "Wewe unaweka machozi ya kuku. Mwanangu alioa mwanamke mwenye afya, sitawarudishia kwao kuni." Kisha akaja na jagi la togwa akasimama mlangoni mpaka nimalize.

Nilikunywa, Shangazi. Naogopa kushindwa nikiwa nimeshafika hapa. Nifanyeje?

Jovina

*

Majengo, Songea
10 Julai 2023

Mwanangu,

Nimecheka kwa hayo machozi ya kuku, samahani. Huyo mama anakupenda, tatizo ni kijiko chake.

Usigombane naye. Mpeleke kwa Zulfa. Aambiwe na Zulfa lile uliloambiwa wewe mlango ukiwa umefungwa. Mimi nafikiri Bi Monika hajui mtoto alikufa kwa nini. Hatukuwahi kumwambia, sisi sote tulikaa kimya tukala. Mwambie pia kwamba agizo la kukulisha nilitoa mimi, na sasa nalifuta, kwa maandishi, hili hapa.

Upande wangu, nimeng'oa mota ya cherehani. Unajua niliifunga miaka minne iliyopita ili mguu upumzike, na kweli ulipumzika hadi ukasahau kazi. Yule fundi Abdulswamadu alikuja na bisibisi yake akasimama ananiangalia. "Mama Skola, watu Majengo wanalilia mota, wewe unaing'oa?" Nikamwambia ng'oa, mwanangu. Akasema, "Basi niuzie." Nikamwambia subiri kwanza, imani yangu bado changa. Ipo kabatini.

Na kanisani ninakwenda kwa miguu. Bodaboda wangu amenuna. Wiki ya kwanza nilifika wakati wa somo la pili. Sasa ninafika kabla ya wimbo wa kuingia, nimekaa, nimepumua.

Uzi wangu pia umo. Umepungua kidole kimoja, usinicheke, kidole ni kidole.

Shangazi

*

Namasakata
3 Desemba 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Majilio. Hatujambo wote. Utanisamehe kwa barua fupi fupi za miezi hii, jembe linachosha mkono, ila nyuzi umezipata zote. Nilikuwa sikuelezi habari ya mama mkwe kwa kuwa nilingoja nione kama itadumu.

Nilimpeleka kwa Zulfa ile Agosti. Zulfa alimweleza taratibu. Mama mkwe alikaa na kanga yake mdomoni, kisha akasema, "Kumbe si njaa?" Shangazi, mwaka mzima na zaidi yule mama aliamini kwamba mtoto alikufa kwa sababu mimi nilishika mimba nikiwa sina damu, sikulishwa vya kutosha, na kosa ni lake yeye mwenye nyumba. Ndiyo maana alikuwa anasimama mlangoni na jagi. Alilia njia nzima. Tulipofika nyumbani aliichukua chupa ya mafuta akaenda kuifungia chumbani kwake. Sasa nikitaka kukaanga kitunguu nabisha hodi, anatoka na kijiko kimoja, anasimama mpaka nikimimine. Kisimani amewaambia wale wanawake, "Mkwe wangu anajiandaa kwa kazi, nyie endeleeni kunong'ona." Wawili kati yao wameniomba niwaonyeshe mgao wa sahani.

Presha imeshuka, mara tatu mfululizo imekuwa nzuri. Lile gauni la Pasaka nimelivaa Jumapili ya leo. Limepita mabegani, likapita kifuani, kiunoni nimebana pumzi kidogo. Ni gauni la vipimo vya msichana wa kidato cha tatu, Shangazi, na nimelivaa mimi.

Osmund aliniona, akaenda kupiga pasi shati lake.

Uzi mweusi huu hapa. Ulinganishe na ule wa Mei.

Jovina

*

Majengo, Songea
10 Machi 2024

Jovina mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Kwaresima? Januari sikupata bahasha. Februari sikupata. Mathias anasema hukutokea stendi. Nikipiga simu Bi Monika anapokea, anasema, "Yupo, yupo," anakata.

Mimi mzima, uzi wangu umo. Nimepungua vidole vinne jumla na Jumapili iliyopita nilipanda kilima cha Matogoro na wenzangu wa jumuiya kwa Njia ya Msalaba, vituo vyote kumi na vinne, sikukaa hata kimoja. Nilitaka uwe wa kwanza kusikia. Lakini furaha hii inanikaa vibaya nisipojua habari zako.

Umechoka? Sema. Hata neno moja.

Shangazi

*

Namasakata
28 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nyuzi hizo. Usiniulize.

Jovina

*

Majengo, Songea
5 Mei 2024

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea. Mathias alisimama mlangoni nikifungua, nikamwambia aende.

Uzi mweusi umerefuka vidole vinne. Sikufichi, nilikaa. Nikasema sawa, amerudi nyuma, ndiyo maana alikuwa ananikwepa. Sikulaumu. Safari hii ni ndefu na mimi mwenyewe Februari, siku ile bahasha yako haikuja mara ya pili, nilivuka barabara nikanunua chipsi mayai, nikala sahani ya kwanza, nikaagiza ya pili. Kesho yake nikatembea kwenda kanisani kama kawaida. Mtu akianguka njiani hahesabu upya kutoka nyumbani, anaanzia pale pale. Na Zulfa yupo, na mama mkwe na chupa yake yupo. Uzi wa mwezi ujao tuuanze

Nimeiacha barua hapo juu, nikaenda kufungua sanduku la vifungo. Sasa ni jioni ninaendelea.

Nilipanga nyuzi zako zote mezani kwa safu. Mwekundu wa nyonga haujabadilika tangu Desemba. Mweupe wa kifua umeongezeka kidole. Mweusi peke yake ndio umekwenda mbele. Jovina, mimi nimeshona miaka ishirini na sita. Mtu akinenepa ananenepa nyuzi zote tatu. Mara ya kwanza ulinidanganya kwa nyuzi za Benigna nikashona. Mara hii sishoni mpaka nimesoma.

Nimesoma.

Neno lenyewe sitaliandika, wala usiliandike wewe. Mara ile tulilisema mapema, nikakata vinguo vidogo sita, na ninajua vilikwenda wapi. Awamu hii sitakata hata soksi mpaka nisikie sauti inalia. Ila la kwako ninalishona, na humu ndani utalikuta, limekatwa chini ya kifua, marinda mengi, na pembeni nimeacha kamba ya kulegeza. Legeza kila mwezi. Mbesa wameshakuona? Presha ikoje? Jibu hayo mawili tu, mengine nitamwuliza Mama Maria.

Na mwambie Bi Monika asianze tena na jagi.

Shangazi yako

*

Namasakata
19 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mbesa wameniona, nitakuwa nakwenda kila mwezi. Presha nzuri. Zulfa anapita nyumbani kila Ijumaa na mashine yake kabla ya kwenda kuswali.

Gauni limenikaa. Nimelegeza kamba pingili moja. Mama mkwe anasimama mlangoni bado, safari hii na bakuli la mboga.

Nilishindwa kukuandikia. Kila nikishika kalamu niliona lile sanduku dogo tulilozika. Asante kwa kusoma.

Jovina

*

Mbesa
2 Oktoba 2024

Shangazi yangu, mama yangu Skolastika,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Habari za Majengo, magoti, mjomba Rupert, cherehani isiyo na mota? Osmund yupo hapa, ameomba ruhusa shuleni, amekaa kwenye benchi nje na tai yake. Mama mkwe yupo, amegombana na manesi wawili na kupatana nao wote.

Nimesikia sauti, Shangazi. Jumatatu asubuhi, saa mbili kasoro. Alianza kulia kabla hawajamfuta, akalia mpaka daktari akasema, "Huyu anatuamkia au anatugombeza?" Ni msichana. Presha yangu ilipanda kidogo wiki ya mwisho, wakanilaza hapa wakaiangalia usiku na mchana, haikufika mbali. Nimejifungua kwa nguvu zangu. Niliposukuma nilikuwa nalifikiria lile jembe.

Nikikwambia nilivyo utafikiri najisifu. Basi najisifu. Nimekaa kitandani, mwanangu ananyonya, ninapumua vizuri, miguu haijavimba, ninamwona baba yake dirishani anatabasamu na benchi zima la watu asiowajua. Miaka miwili na nusu iliyopita nilitoka hospitali na kanga tupu mikononi. Leo kanga imejaa.

Jana mama mkwe alileta supu ya kuku. Nikamwangalia. Akasema, "Mafuta nimeyaengua, usinitolee macho. Kula, sasa mko wawili kweli." Tukacheka mpaka mgonjwa wa jirani akauliza kuna nini. Nilikula yote, Shangazi, kwa raha, bila hofu. Ulisema kile chakula cha siku arobaini kilikuwa cha watu wawili. Kimempata mwenyewe.

Jina lake ni Skolastika. Osmund alikubali kabla sijamaliza sentensi. Zulfa anasema ni refu kuliko mtoto, anamwita Skola.

Nyeusi na nyekundu za kwangu nitakutumia Jumapili ya kwanza ya Novemba, mkataba wetu haujaisha, nataka kurudi kwenye lile gauni la Pasaka. Humu ndani leo kuna uzi mmoja, mweupe. Mama mkwe ndiye aliyeuzungusha kifuani kwa mwenye jina lako akiwa amelala, na umekutana vizuri, umebaki mrefu tukakata. Usistaajabu kwa ufupi wake, si wa wifi.

Ubatizo ni Noeli. Sasa unaruhusiwa kukata kitambaa.

Nijibu haraka, Shangazi, maana huyu kila siku anaongezeka na huo uzi hautamtosha wiki mbili zijazo.

Mwanao,
Jovina